Kitabu Kizima kwa Wodi ya Kifua

Swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini lilikuwa hili: je, kifua kikuu hukaa ndani ya karatasi? Mtu mwingine angemuuliza daktari siku ya pili, akalala. Mimi nililigeuzageuza kwa miezi. Kama kinakaa, kinakaa kwenye jalada au katikati ya kurasa? Kinakaa muda gani? Na mtoto anayelamba kidole ndipo afunue ukurasa, je? Na kama hakikai, vile vitabu tulivyokuwa tukivichoma kwenye pipa nyuma ya maktaba, tulikuwa tunavichomea nini?

Nimestaafu juzi tu. Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa mezani mliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi Shinyanga zamani. Sijui kama mlisema kwa adabu au mlitaka kweli. Nimelifikiria hilo nalo kwa wiki kadhaa, na sasa naandika. Vyeo sitavisimulia, vilikuja kama mvua za Shinyanga, kidogo na kwa kuchelewa.

Nilifika nikitokea chuoni, miaka ya themanini mwanzoni, na shahada yangu nimeikumbatia ndani ya bahasha ya kaki kama mtoto mchanga. Kwetu ni Ushirombo. Kisukuma nilikisikia lakini sikukisema vizuri. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mezani mama mnene, kitenge kimefungwa juu ya gauni, anafuta vumbi kwenye trei za kadi kwa manyoya ya kuku.

"Mwangaluka," akanisalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekusalimu kwa Kisukuma, umenijibu kwa Kiswahili. Basi wewe ndiye msomi wetu mpya." Akanipa manyoya. "Anza na herufi A. Vumbi la hapa halijui shahada."

Huyo ndiye Mama Kulwa, msaidizi wa meza ya kuazimia, mama wa mapacha. Alinifundisha kazi yote niliyoifanya baadaye. Siku hizo hakukuwa na kompyuta. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya kimfuko kwenye jalada la nyuma. Msomaji akija na tiketi yake, unachomoa kadi ya kitabu, unaichomeka ndani ya tiketi, unapiga muhuri wa tarehe ya kurudisha, kisha unaipanga kwenye trei nyuma ya tarehe hiyo. Kitabu kikirudi, unakwenda kwenye tarehe, unaitafuta kadi, unamrudishia mtu tiketi yake mkononi. Ukikosea herufi moja tu katika kupanga, mwalimu aliyeendesha baiskeli kutoka mbali atasimama mbele yako huku unapekua trei nzima, na nyuma yake foleni inakohoa.

"Kwa nini unatetemeka?" Mama Kulwa aliniuliza wiki ile ya kwanza.

"Naogopa nimempa mtu tiketi ya mwenziwe."

"Kama umempa, atarudi. Kama hujampa, umetetemeka bure. Kwa vyovyote, trei inataka mikono mikavu."

Wasomaji wetu walikuwa walimu, makarani, wanafunzi, na wakulima waliotoka kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima. Msimu wa kuchuma pamba maktaba ilikuwa tupu hadi unasikia mchwa. Mara moja moja alikuja mchimbaji wa dhahabu asiye na kibali, kutoka upande wa Rwamgasa. Nakumbuka mmoja aliyerudisha kitabu chekundu kwa udongo kutoka jalada hadi jalada. Mama Kulwa akakishika kwa vidole viwili.

"Hiki ulikuwa unakisoma au unakilima?"

"Mama, askari wametujia mara mbili. Kila wakija nakifukia pamoja na zana."

"Na ulikifukia ukurasa wa ngapi?"

"Nimekimaliza, mama. Shimoni hakuna kazi nyingine ya kumfanya mtu asiwaze."

Akampa kingine. Ninalitaja hili ili mjue Mama Kulwa hakuwa mtu wa kukataa watu. Kwa yanayofuata, msije mkamhukumu.

Nije kwenye sanduku. Kila Ijumaa maktaba ilipeleka sanduku la vitabu hospitali, wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wagonjwa wale walilazwa miezi, kwa sababu ya sindano za kila siku, na hawakuruhusiwa kutoka. Kanuni ilisema kitabu kilichotoka kwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza kisirudi rafuni. Basi mkuu wetu wa maktaba, mzee mpole aliyeogopa kanuni kuliko radi, alikuwa amebuni utaratibu: wodini vilipelekwa vitabu vile tu vilivyokwisha kufutwa kwenye orodha ya maktaba. Vilivyoliwa na mchwa, vilivyopoteza jalada, vilivyonyofoka kurasa za mwisho. Ijumaa iliyofuata vilirudi, vikamiminiwa mafuta ya taa ndani ya pipa, vikaungua. Hakuna hasara, alisema. Vilikuwa vimekwisha kufa.

Ulikuwa utaratibu nadhifu, na miaka mingi hakuna aliyeuona ubaya wake, kwa kuwa hakuna mtu wa maktaba aliyewahi kukaa wodini hata dakika kumi. Waliacha sanduku mlangoni. Mimi niliingia kwa sababu sikujua kwamba haturuhusiwi.

Vitanda vilikuwa safu mbili, madirisha wazi. Mgonjwa mmoja mrefu, mvi kichwani, mifupa ya mabega imechomoza ndani ya shati la hospitali, alikuwa ameketi na wenzake wamemzunguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetuletea ng'ombe wasio na mikia?" Alisema kwa sauti kubwa mno. Baadaye nilijua kwamba sindano zilikuwa zimeanza kumziba masikio.

"Sikuelewi, baba."

"Tunamfuata ng'ombe wenu kutoka kichwani. Tunafika shingoni, tunafika mgongoni, tunafika kiunoni, halafu basi! Hakuna kitu. Mnakula wapi mikia huko?"

Wodi nzima ilicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilichukua muda kwisha.

Jina lake Mzee Ngassa. Ujana wake wote aliumalizia chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu wa Geita, mpaka ulipofungwa. Akarudi kwao kulima pamba, na vumbi la mwamba likabaki kifuani likisubiri. Kusoma alijifunza na mvi zake, kwenye kisomo cha watu wazima. Wodini ndiye aliyewasomea wengine, kidole chini ya neno, sauti juu. Kila kitabu kilipokatika, walibishana mwisho wake, na kila mara kijana wa kitanda cha pili, Maganga, mpiga debe wa stendi ya Kahama, alimshuku.

"Mzee Ngassa anazijua hizo kurasa," alisema siku ile, akinitazama mimi kama shahidi. "Anazichana usiku, anasoma peke yake. Mpekueni chini ya godoro."

"Nikuchanie wewe mdomo," Mzee akamjibu.

Walicheka tena, lakini niliona mkono wa Mzee Ngassa. Ulikuwa unakunja na kukunjua kona ya shuka. Aliniita karibu.

"Binti yangu, hiki cha mtu aliyekwenda kumtafuta kaka yake. Alimpata, au hakumpata?"

Nilikijua kitabu hicho. Tulikuwa na nakala mbili: ile iliyokatika, iliyokuwa magotini pake, na nyingine nzima iliyokuwa rafuni, ambayo wanafunzi waliigombea kila Jumamosi. Nilikisoma nikiwa shule.

"Nikusimulie, baba?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Nimesimuliwa maisha yangu yote. Nilisimuliwa mshahara wangu, nilisimuliwa mkataba wangu, hata hiki kifua nilisimuliwa na mtu aliyekuwa anasoma karatasi. Sasa najua kusoma mwenyewe. Mwisho usinisimulie. Niletee kitabu kizima, kimoja, kabla sijaitwa."

Nilirudi maktaba na sanduku la vitabu vya kuchomwa, na kichwa kimejaa. Nakala nzima ikienda wodini, haitarudi rafuni, itachomwa. Ikichomwa, watoto wa Jumamosi watapata nini? Vitabu vipya vilikuwa haviji, fedha za kigeni hakuna, nchi haina hata sabuni. Kwa upande mwingine, kwa nini mtoto mwenye miaka sitini ya kusoma mbele yake apate kitabu kizima, na mtu mwenye miezi apate kiuno? Na mimi ni nani wa kupima? Mara nyingine niliona jibu wazi kabisa nikiwa napanga kadi, na kufika chumbani limegeuka swali.

Nikafanya nusu ya jambo, kama wafanyavyo waoga wenye elimu. Nilizinakili kurasa za mwisho kwa mkono, mwandiko wangu bora kabisa, nikazipeleka. Mzee Ngassa alizisoma kwa sauti. Maganga alisikiliza mpaka mwisho, akazichukua, akazitazama mbele na nyuma.

"Hii ni kalamu," alisema.

"Nimenakili kitabuni, neno kwa neno," nikamwambia.

"Dada, usinifanye mtoto. Kitabu ni chapa. Hii umetunga wewe ili mzee alale vizuri."

Nilimgeukia Mzee Ngassa nikitumaini atanitetea. Alizikunja zile karatasi taratibu, akanirudishia.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Lakini ana haki. Hata mimi sijui kama ni kweli."

Nilikwenda kwa mkuu wa maktaba. Nilimweleza yote, akasikiliza huku anapanga penseli zake.

"Kitabu kizima kikiingia wodi ile ni kitabu kilichokufa," akasema.

"Lakini, mzee, je, kama ugonjwa haukai kwenye karatasi?"

"Nani amesema haukai?"

"Hakuna aliyesema unakaa, vilevile."

"Basi niletee mtu mwenye mamlaka aseme. Nitamfuata."

Nikaenda kwa daktari wa wodi. Alikuwa amechoka, anakula mhogo wa kuchemsha akiwa amesimama. Aliniambia ugonjwa ule husafiri kwa hewa, kwa kikohozi, na kwamba katika kazi yake yote hajaona mtu aliyeupata kwa kusoma. Kama tuna wasiwasi, tuvianike vitabu juani. Nikamwomba amwambie mkuu wangu hivyo hivyo.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini, daktari?"

"Kwa sababu sisi wenyewe huku tunachoma magodoro yao. Nikisema karatasi ni salama, nitaulizwa kuhusu godoro. Nikijibu godoro, nitaulizwa kuhusu jengo." Alifuta mkono kwenye koti. "Dada, mimi nina wodi moja na wauguzi wawili. Usinitafutie vita na pipa la moto."

Hapo ndipo nilipokata tamaa ya aina ambayo haijaniacha kabisa hadi leo. Mkuu alimsubiri daktari. Daktari alijua na hakutaka kusema. Na kila Ijumaa moto uliwaka vizuri, bila kumhitaji yeyote kati yao kuamini chochote.

Alibaki Mama Kulwa. Nilimwambia alichosema daktari, tukiwa wawili tu, tunabandika vimfuko vipya kwa gundi ya unga wa mhogo. Nilidhani atafurahi.

"Sayansi yenu ina watoto wangapi?" akaniuliza.

"Sikuelewi, mama."

"Mimi nina wawili wa tumbo moja, wanalala kitanda kimoja na mimi. Dada yangu alikwenda kwa kifua. Tulikuwa tunakunywa kikombe kimoja, na waganga wa siku hizo nao walisema msiogope." Alikuwa anabandika bila kuinua macho. "Daktari wako akisema salama, akakosea, atasema samahani. Kitabu hicho kikirudi kwenye trei hii, mimi sikigusi. Na mtoto wa mtu akija kukiomba nitamwambia kimetoka wapi. Ndivyo nitakavyofanya, ng'wanawane, mwanangu. Nakupenda, lakini ndivyo."

Mimi nilimwamini daktari. Lakini kuamini kwangu kungewekwa mikononi mwa watoto ambao hawakuulizwa. Mnaona jinsi akili yangu ilivyo: kila mlango nilioufungua, nyuma yake alikuwepo mtu mwenye haki.

Wiki ile Mzee Ngassa alihamishiwa kitanda cha karibu na mlango. Wodini wote walijua maana ya kitanda cha karibu na mlango.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua, nilikitoa kitabu kizima rafuni. Wafanyakazi nasi tulikuwa na tiketi zetu. Niliichomeka kadi yake ndani ya tiketi yangu, nikapiga muhuri, mchana kweupe, Mama Kulwa amesimama pembeni yangu. Alipomwona mkuu anaingia, alianza kumsimulia bei ya mchele kwa sauti ya juu, mpaka nilipotoka.

Mzee Ngassa alikipokea kwa mikono miwili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukipindua na kushika jalada la nyuma, kama anayepapasa nundu ya ng'ombe mnadani. Maganga akanyoosha shingo.

"Fungua mwishoni, tuone kama kimo!"

"Mkono wako!" Mzee akamzuia. "Hakuna mtu kufungua mwisho. Tunaanza kichwani. Kila mtu atafika kwa miguu yake."

"Kichwani? Huko si tulishapita, mzee?"

"Tulipita kwa ng'ombe mwingine."

Akaanza ukurasa wa kwanza, kwa sauti ile ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Muuguzi alikuja kumwambia apunguze, akasikiliza kidogo, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mtu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikwenda na sanduku kuchukua vitabu vya kuchomwa, kile kikiwa kimojawapo, maana mkuu alikuwa amekwisha kuona pengo rafuni. Alinikaripia kwa upole wake, akasema basi, kimekwisha kufa, nikilete. Pipa lilikuwa tayari nyuma ya jengo, na dumu la mafuta ya taa pembeni.

Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa kimetandikwa upya.

Nilisimama pale nikitazama shuka. Sikulia, nilifikiria, kama kawaida yangu. Nilifikiria alifika ukurasa gani. Nilifikiria kwamba ningekileta siku niliyoombwa, angekuwa na wiki nyingi, na kwamba kila mtu niliyemuuliza katika wiki hizo alikuwa na sababu nzuri.

Upande wa pili wa wodi nilisikia sauti.

"A-ka-fi-ka. Akafika. M-to-ni."

Alikuwa Maganga, kitabu magotini, kidole chini ya neno. Wengine walikuwa wamemzunguka.

"Umeruka mstari, wewe!" mmoja akamkemea.

"Sijaruka. Nyamaza. Hata mpiga debe anahitaji pumzi." Aliniona, akasimamisha kidole bila kukitoa mahali pake. "Dada. Mzee ametutoka Jumanne."

"Pole, kaka. Poleni wote."

"Zilibaki kama kurasa thelathini. Tulimwambia tukusomee mwisho, mzee, tukufungulie tu. Alikataa." Alikohoa, akageuza uso, akarudi. "Alisema tutafika kwa zamu. Akanipa mimi. Mimi darasa la tatu niliacha! Tunakwenda kama konokono."

Hakuna aliyecheka. Kisha akaliona sanduku.

"Umekuja kukichukua?"

Mkuu wangu alikuwa anasubiri. Mama Kulwa alikuwa mezani, na mchana mapacha wake, Kulwa na Doto, wangetoka shule wapite kumsubiri kama kila Ijumaa. Watoto wa Jumamosi wangekuja kesho yake. Niliwaona wote, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza hawakuanza kubishana kichwani mwangu. Walichohitaji wote kutoka kwa kitabu kile kilikuwa kitu kimoja: kisirudi rafuni, kichomwe au kisichomwe. Na wodi ilichohitaji ni hicho hicho.

"Hapana," nikasema. "Hiki ni chenu. Malizeni, na mkimaliza kianzeni tena. Hapa hakitoki."

Nikaendesha baiskeli kurudi na sanduku tupu. Mkuu alikuwa kando ya pipa, kiberiti mkononi.

"Kiko wapi?"

"Kimebaki wodini, mzee. Vyote nimeviacha. Havirudi rafuni, wala havichomwi."

"Na Ijumaa ijayo utawapelekea nini, kama hivyo havirudi?"

"Vizima."

"Tutamaliza maktaba, binti."

"Ndiyo, mzee. Mchwa wanaimaliza vilevile."

Hakuniruhusu na hakunikataza. Alikiweka kiberiti mfukoni akaingia ofisini kwake. Nami sikungoja Ijumaa ijayo. Nilikwenda rafuni, nikachagua hadithi mbili, zenye majalada yote na kurasa zote, nikaziandika kwenye tiketi zangu mbili zilizobaki, nikaziweka sandukuni. Mama Kulwa alizunguka meza. Akalishika sanduku kwa mikono yake miwili, akalifunga kamba nyuma ya baiskeli, akavuta fundo kwa nguvu.

"Nenda kabla jua halijawa kali," akasema.

Nikaenda.